Sehemu Yangu ya Hofu Yake

Siku tuliyogawana hofu ya Anyelwisye Mwasomola, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha ya kituo, na taa za chumba cha matibabu zilikuwa zinawaka ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa wa tano kuitwa.

“Subilaga, vua saa na hereni,” Daktari Hokororo aliniambia. “Kisha lala chali. Utaratibu unaujua.”

Niliujua. Nilikuwa nimefanya kazi ya uokoaji kwenye korongo la Ngulilo kwa miaka sita, na kitanda kile nilikuwa nimekilalia mara tisa: mara mbili kutoa, mara saba kupokea. Nilivaa ile kofia ya waya, ubaridi wa chuma ukanigusa nyuma ya masikio. Upande wa pili wa pazia Anyelwisye alikuwa amelala na kofia kama yangu, akisimulia kwa mara ya tano jambo lilelile.

“Mtoto nilikuwa nimemfunga mgongoni,” alikuwa akisema. Sauti ilikuwa imemkauka. “Baba yake nilimshika mkono. Ukingo tuliokuwa tumesimamia ukamomonyoka. Tukawa tunaning'inia wote watatu. Nikasikia kamba inasagika kwenye mwamba.”

Tulilijua tukio hilo, maana sote tulikuwa juu siku ile, tukivuta. Gari dogo la umeme lilikuwa limeacha barabara kwenye kona, likakwama kwenye miti katikati ya korongo. Ndani walikuwemo Gwamaka, mwalimu wa shule ya msingi, na binti yake Ikupa wa miaka sita. Wakati Anyelwisye anashuka, malori yasiyo na dereva yaliendelea kuteremka nyuma yetu, moja kila baada ya dakika mbili, taa zake zikitumulika kwenye ukungu. Yalikuwa yamefundishwa kukwepa ajali, hayakufundishwa kusimama. Anyelwisye alipofika juu alikuwa na mtoto peke yake. “Ameniponyoka,” alisema, akaketi chini kwenye lami.

Daktari alibonyeza kitufe, na hofu ya mwenzangu ikaniingia.

Jinsi kitanda kinavyofanya kazi, Daktari Hokororo alitueleza siku alipokileta, akichora ubaoni kwa chaki. Ubongo, alisema, huweka picha ya tukio mahali pamoja, na hofu ya tukio hilo huiweka mahali pengine. Mtu akisimulia, hofu huamka. Hapo ndipo kofia huinasa, ikaipunguza kwake na kuipandikiza kidogo kidogo kwa wenzake. Picha haiendi popote. Anayepokea haoni alichokiona mwenzake. Anaogopa tu kile mwenzake alichokiogopa, kila mmoja kwa upande wake. Mmoja atapata upande wa sauti, mwingine wa harufu, mwingine wa kimo. Baada ya wiki nne mwili wa mpokeaji huwa umeshaimeng'enya kama chakula kizito. “Sumu inayoua mtu mmoja,” alisema, “wakiinywa watu sita, wataumwa tumbo na kesho watakwenda kazini.”

Tulimwamini kwa sababu tulikuwa tumezika. Kabla ya kitanda, kituo chetu kilipoteza watu watatu katika miaka miwili, na hakuna hata mmoja aliyefia korongoni. Walijiua, makwao, na kule mazishini tukasema walikuwa wanaumwa. Tangu kitanda kilipokuja, miaka minne, hatukuzika mtu.

Kilikuwa na sharti moja, na kila mmoja wetu aliliapia mbele ya mkuu wa kituo: ulichobebeshwa hukitaji. Humwambii mkuu, humwambii mkeo wala mumeo, wala huyo aliyekubebesha. Mwaka wa kwanza, mwokoaji mmoja wa wilaya ya jirani alisema alichokihisi kwenye sehemu ya mwenzake, maneno yakafika polisi, mwenzake akapelekwa mahakamani. Baada ya hapo, wilaya ile hakuna aliyekubali kulala kitandani, na kabla mwaka haujaisha walizika wawili. Kwa hiyo kiapo hatukukichezea.

*

Siku mbili za kwanza sikuhisi kitu kikubwa. Siku ya tatu nilikuwa jikoni kwa mama yangu, namenya viazi. Mara nikasimama, nikakiweka kisu mezani, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nilikitazama kile kisu, kisha nikaitazama mikono yangu, na nikajua kwamba si kisu nilichokuwa nakiogopa.

“Una nini?” mama aliuliza.

“Viazi vimenishinda, mama. Malizia wewe.”

Alikichukua kisu bila kuuliza zaidi. Wazazi wa waokoaji hujifunza kutouliza.

Hofu ile haikuwa kama zile nilizowahi kupokea. Lusajo, dereva wetu, alipata upande wa sauti. Akisikia kamba inasugua mahali, anatoka jasho, anatukana, anacheka, yamekwisha. Yangu haikungoja korongo wala kamba. Ilinijia palipotulia, nikiwa peke yangu: mbele ya kabati la dawa kwenye gari la wagonjwa, kwenye ngazi za mnara wa mazoezi. Kila mara ilikuwa hofu moja. Niliogopa kuachwa peke yangu na mikono yangu. Usiku nililala nimeikunja kwapani kama mtu aliyefungwa.

Wiki ya pili nilikwenda kuvuka daraja. Kati ya kituo na nyumba zetu kuna daraja la waya la waenda kwa miguu, refu, juu ya sehemu ya korongo iliyo nyembamba. Nilikuwa nimelivuka kila siku kwa miaka sita nikila mahindi. Siku hiyo nilifika hatua ya kumi nikasimama. Waya wa pembeni ulinifika kifuani. Nisingeweza kuanguka hata ningepepesuka. Na mwili wangu haukuogopa kuanguka. Uliogopa kwamba mikono yangu itashika ule waya, ikauvuka, ikanipeleka. Nilirudi kinyumenyume, nikazunguka kwa njia ya mashamba ya chai, mwendo wa saa nzima.

Kesho yake Lusajo aliniona natokea upande wa chai, viatu vimejaa tope.

“Na wewe?” alisema. “Umeambukizwa na Anye? Zile siku tatu baada ya ajali alikuwa anazungukia huko huko. Nikamuuliza, akasema anataka kunyoosha miguu. Sasa amepona bwana, anakatiza darajani huku anapiga mluzi.”

Alikuwa anafunga tairi la akiba, hakuuona uso wangu. Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Baada ya ajali, kabla ya kitanda, Anyelwisye alikuwa analiogopa daraja. Hakuogopa kimo chake. Alijua mikono yake ilikuwa inataka nini, ndiyo maana akazungukia mbali. Hofu ile ilikuwa mbwa aliyefungwa mlangoni kwake. Sisi tukaja na mashine yetu, kwa wema wote, tukamfungua mbwa yule na kumpeleka kwangu. Mwenzangu akabaki na mlango wazi.

*

“Daktari, hofu niliyobebeshwa si ya ajali.”

Daktari Hokororo aliinuka, akafunga mlango wa ofisi yake, akarudi kukaa. Alikuwa mwanamke mrefu wa Mtwara ambaye baridi ya kwetu hakuwahi kuizoea. Alivaa sweta mbili, na mikono aliificha ndani ya mikono ya sweta.

“Usiniambie,” alisema.

“Lazima nikwambie.”

“Subilaga, nimekusikia ukianza sentensi, sijakusikia ukiimaliza. Toka, na mimi nitasema hukuja.”

“Kaka Anye anataka kujiua.”

Alifumba macho. Nje jenereta la kituo lilikuwa linanguruma.

“Amekwambia?”

“Hapana. Nimelihisi. Kinachomzuia mtu asijidhuru kilikuwa kwake, Daktari, sasa kiko kwangu. Tumekihamisha.”

“Au unahisi hofu ya mkono uliomponyoka mwenzake. Mtu aliyeponyokwa na mtu ataiogopa mikono yake mpaka kufa. Picha huna. Huwezi kujua.”

“Na kama najua?”

“Nina vituo kumi na moja vyenye vitanda hivi,” alisema. “Watu mia moja na zaidi. Wanalala pale kwa sababu wanaamini hakuna atakayesema. Nikimpeleka Anyelwisye wodini kwa neno lako, jioni hiyo hiyo vituo vyote vitajua. Na wiki ijayo yule wa kituo cha sita, ambaye simjui, ambaye angelala kitandani akapona, hatalala. Unanielewa? Nahofia maisha ya wote wawili.”

“Huyo wa kituo cha sita hatumjui. Anye tunamjua.”

“Ndiyo maana ni rahisi kwako.” Alifungua kalenda yake. “Jumatatu namwita kwa uchunguzi wa kawaida. Nitamuuliza mwenyewe. Akisema, amesema yeye.”

“Leo Alhamisi, Daktari.”

“Jumatatu,” alirudia, lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na nilipotoka nilimwona kupitia kioo bado ameikazia macho kalenda ile.

Ijumaa nilimfuata Anyelwisye kwenye stoo ya kamba. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mfupi, mpana, fundi wa kamba kuliko wote niliowahi kuwajua. Stoo ilikuwa imepangwa upya. Kila kamba ilikuwa na kikaratasi chenye umri wake na kasoro zake, kwa mwandiko wake mzuri wa shule za zamani.

“Umefanya kazi, kaka.”

“Nani ajuaye. Kesho anaweza kuja mtu mwingine, asijue hii ya bluu imechoka.” Alinitupia ufunguo wa stoo. “Kaa nao wewe. Mimi nasahau-sahau.”

Niliudaka. “Kaka Anye, unalala?”

“Kama mtoto mchanga, mdogo wangu. Sijalala hivi tangu nioe.” Alicheka, na kicheko chake kilikuwa chepesi mno, hakikuwa na kitu chini yake. “Kile kitanda kimenitoa mzigo. Sina hata hofu moja.”

*

Jumamosi zamu yetu iliisha saa tatu asubuhi. Nilikuwa natia saini kitabu cha vifaa Lusajo aliponijia amebeba buti mpya za ngozi.

“Angalia zali hili. Anye kanipa. Anasema zinambana.”

“Yuko wapi?”

“Ameondoka sasa hivi. Vipi?”

Nilichukua redio mezani, nikakimbia.

Ukungu ulikuwa mzito, nikiona hatua kumi tu mbele. Nilipofika kichwani mwa daraja nilisikia mbao zikilia huko kati, halafu zikanyamaza. Mtu anayevuka hasimami katikati.

Nilikanyaga ubao wa kwanza. Hofu yake ilinirukia yote, nikaona giza pembeni mwa macho. Nilijiambia ni kitu cha kupandikizwa, ni umeme tu, Daktari alichora ubaoni. Haikusaidia. Niliingiza mikono mifukoni, nikaikunja ngumi, nikatembea katikati ya mbao nikihesabu kwa sauti kama mtoto. Hatua ya sitini nilimwona. Alikuwa ameegemea waya, kofia ya kazi ameiweka chini vizuri, juu ya koti lililokunjwa.

“Rudi, Subilaga,” alisema bila kugeuka.

“Kaka.” Meno yalikuwa yananigongana. “Unataka kujiua?”

Aligeuka. Nadhani hakutegemea mtu alitamke neno lenyewe. Kwetu tunasema kuondoka, kukata tamaa, kufanya uamuzi mbaya. Alinitazama kwa mshangao, karibu kwa shukrani.

“Ndiyo,” alisema.

“Kwa nini?”

“Hakuniponyoka. Nilimwachia.” Aliisema kama anayetaja saa. “Kamba ilikuwa inakatika. Nilihesabu uzito wetu watatu, nikahesabu nyuzi zilizobaki. Nilimwambia, ‘Mwalimu, nisamehe.’ Alisikia. Akaelewa kabla sijafungua vidole. Akaanza kunibana zaidi, nikamfungua kidole kimoja kimoja. Kila siku namwona. Kabla ya kitanda nilikuwa namwona na naogopa. Sasa namwona tu. Sioni kwa nini niendelee kumwona, na hakuna tena kinachonishika.”

“Kinachokushika ninacho mimi!” Nilipiga kelele. “Ninacho mimi, kaka, kimeniingia mimi! Siwezi kushika kisu! Siwezi…”

Sikumaliza. Nilitaka kusema mengi, nilikuwa nimeyapanga njiani, lakini mwili ulikataa. Niliitoa mikono mifukoni ili nimshike, na mikono ilipokuwa wazi juu ya korongo lile, hofu ilinifunga koo. Nilianguka magotini. Sikuweza kuvuta pumzi. Nilisikia sauti ya mnyama, nikajua ni yangu. Wengine walikuja kusema baadaye kwamba nilifanya hila, nilijiangusha ili kumvuta. Nisingeweza kufanya hila yoyote wakati ule. Nilikuwa nakufa kwa woga, na woga wenyewe haukuwa wangu.

Mbao zikatikisika. Viganja viwili vikanishika mashavu.

“Nitazame,” Anyelwisye alisema. “Usitazame chini, nitazame mimi. Vuta kwa pua. Hivyo. Toa kwa mdomo. Tena.” Ilikuwa sauti yake ya kazini, ile aliyoitumia na watu waliokwama kwenye mabati na vioo. “Tutatoka pamoja. Wewe tembea kwa magoti, mimi niko nyuma yako. Sikuachi.”

Neno hilo la mwisho lilimkwama. Lakini alinisukuma taratibu, ubao kwa ubao, mpaka magoti yangu yakagusa udongo.

Hapo nilimkumbatia miguu yake miwili. Nilikuwa mzito kuliko yeye, na nilijilaza juu ya buti zake. Kwa mkono mmoja nilitoa redio, nikabonyeza. Nilijua ni masafa ya wazi. Vituo vyote kumi na moja vingesikia.

“Kituo, hapa Subilaga, kichwa cha daraja. Anyelwisye alitaka kujiua. Yuko nami. Njooni haraka, na Daktari aje. Nimejua kupitia sehemu yangu ya mgawo. Narudia, nimejua kupitia mgawo.”

Ningeweza kuacha sentensi ya mwisho. Nilifikiri Daktari asiposikia sababu atangoja Jumatatu.

Anyelwisye hakujivuta. Alisimama tu, akitazama ukungu. “Umenimaliza, mdogo wangu,” alisema. Nililia mpaka nikasikia viatu vya wenzetu vikija mbio.

*

Afande Kitundu, mkuu wetu wa kituo, alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili aliyejua kutoa adhabu bila kupandisha sauti. Alinikalisha mbele yake siku ya nne.

“Ulikiapia kiapo?”

“Nilikiapia, afande.”

“Umekivunja?”

“Nimekivunja.”

“Alisema nini darajani?”

“Hicho sitakisema.”

Aliinua nyusi. “Sasa ndiyo umekumbuka kiapo?”

“Kukificha kile cha kwanza kungemuua, afande. Hiki cha darajani ni chake mwenyewe kukisema.”

Aliandika kwa muda mrefu. Halafu akanisomea: nabaki kazini, ila kitanda sitakilalia tena maisha yangu, kutoa wala kupokea. Nitakayoyaona korongoni kuanzia siku hiyo nitayabeba mwenyewe. Nilisema nimeelewa. Kusema kweli nilikuwa sijaelewa. Nilielewa miezi miwili baadaye, lakini hiyo ni habari nyingine.

Wenzangu walinitenga. Lusajo aliacha kunisemesha, akinipitishia chumvi mezani bila kunitazama. Wiki hiyo watu saba katika vituo vingine walikataa kitanda. Daktari Hokororo aliniambia idadi hiyo bila kunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kila redio ilipolia nje ya zamu, nilidhani ni yule wa kituo cha sita.

Kabla kitanda hakijafungiwa kwangu ilibaki kazi moja. Mgawo unaweza kurudishwa ndani ya siku thelathini, mwenyewe akikubali. Anyelwisye alikuwa wodini, hospitali ya wilaya, na siku ya kwanza alikataa. Siku ya tatu mkewe Tumpe aliketi kitandani pake tangu asubuhi hadi alasiri bila kusema neno. Alipoinuka kuondoka, mumewe akasema, “Haya. Wairudishe.”

“Unajua itakuwaje?” Daktari alimuuliza. “Nakuongezea maumivu.”

“Si ndiyo mnayotaka?”

“Nataka uwe hai wakati tunakutibu. Kukutibu kwenyewe ndiko kutachukua muda. Dawa, mazungumzo mara mbili kwa wiki, usingizi, hakuna korongo. Nilidhani mashine ingetuepusha na safari hiyo ndefu. Nilikosea.”

Walimleta kituoni, tukalala na pazia katikati. Daktari alibonyeza, nami nikahisi ikinitoka, kama mtu anayevuta mwiba mrefu uliokwenda mpaka mfupani. Upande wa pili Anyelwisye alipiga ukelele. Alipiga tena, na Tumpe aliyekuwa nje akaanza kugonga mlango. Nilishuka kitandani mwepesi, vidole vyangu vikiwa vyangu, nikapita karibu na kisahani chenye mkasi na sikuhisi kitu. Niliuonea aibu wepesi ule. Mwenzangu nilimwacha amekunjwa kwenye kona ya kitanda, mikono ameikalia.

*

Wiki tatu baadaye aliniita. Nilimkuta amekonda, ndevu zimeota ovyo.

“Tumpe ananitazama kama yai,” alisema badala ya salamu. “Kisu cha kukatia tunda ameficha kwa muuguzi. Sijakusamehe, ujue.”

“Najua.”

“Lakini nina shida, na hakuna mwingine anayejua. Nimemwomba Daktari amwite dada wa marehemu Gwamaka. Yuko njiani. Nataka ukae hapa wakati namwambia.”

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa korongoni. “Kaka, ngoja upate nafuu.”

“Nikingoja nitaacha.”

Sekela aliingia akiwa na kanga ya msiba begani na kikapu cha ndizi za kuiva. Alikuwa mwanamke wa kama miaka arobaini, mshonaji nguo. Ikupa alikuwa anaishi kwake. Alisalimia, akaweka kikapu chini.

“Nimekutafuta, kaka yangu,” alimwambia Anyelwisye. “Kituoni wakasema unaumwa. Nilitaka kukushukuru kwa mtoto.”

“Usinishukuru, dada. Kaa kwanza.”

Alimwambia yote. Hakupunguza kitu. Alisema kuhusu kamba, kuhusu nyuzi, kuhusu vidole. Alipofika pale aliposema “Mwalimu, nisamehe,” alitetemeka mpaka chuma cha kitanda kikagongana na ukuta, lakini aliendelea. Mimi nilikuwa nimeutazama mlango, nikipima ni hatua ngapi kumfikia muuguzi kama jambo lolote litatokea.

Sekela hakulia. Aliinuka, akaenda dirishani, akatupa mgongo. Kule barazani daktari mwingine aliita majina matatu. Nilimwona Anyelwisye anangoja hukumu, na nikaona kwamba angeipokea yoyote. Kama mwanamke yule angesema “ungekufa wewe”, angemtii.

“Alikuwa ananibeba mgongoni kwenda shule,” Sekela alisema, uso bado dirishani. “Kaka yangu. Mimi nilikuwa mvivu wa kutembea.”

Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, makavu. “Ikupa ananiuliza baba alikufaje. Nimemwambia alianguka. Ana miaka sita, hilo linamtosha. Akifika kumi na minane halitamtosha. Na mimi sitamwambia, sitaweza kufungua mdomo wangu kusema kitu kile. Utamwambia wewe. Kama ulivyoniambia mimi, usipunguze.”

“Dada, hiyo ni miaka kumi na miwili.”

“Kuhesabu najua.”

“Sijui kama nitaweza kufika.”

“Sikukuuliza kama utaweza.” Sauti ilimpanda, ikavunjika, akaishusha. “Ulimwachia yeye ili mtoto aishi. Sasa huyo mtoto anakudai hayo maneno. Huwezi kwenda nayo. Uwe hai.”

Alichukua kikapu, akakumbuka, akatoa ndizi na kuzipanga mezani moja moja, akaondoka bila kuaga.

Anyelwisye alibaki anatazama mlango. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anasali. Halafu akaniambia nimwite muuguzi.

“Una nini? Unaumwa?”

“Zile dawa za asubuhi,” alisema. “Nimekuwa nazitema. Zimo kwenye soksi, chini ya godoro. Mwambie alete za leo.”

Muuguzi alikuja na kikombe cha maji. Anyelwisye alizimeza mbele yetu, akafungua kinywa, akainua ulimi, akatuonyesha.